Dola 90 kwa Jina la Mtoto: Tathmini ya Huduma ya Majina ya Kiebrania na Kiyidi

Mimba yangu ilipotimiza miezi saba, mimi na mume wangu tulilipia huduma moja ya mtandaoni inayowasaidia wazazi kumchagulia mtoto jina la Kiebrania au la Kiyidi. Sitaitaja huduma hiyo, kwa kuwa malalamiko yangu ni ya mteja mmoja, na baadhi ya kasoro nitakazozieleza huenda zimekwisha kurekebishwa. Hata hivyo, huduma za namna hii si haba hapa Marekani, nazo hufanana kwa jinsi zinavyouliza, zinavyojibu na zinavyotoza, hivyo naamini tathmini hii itamfaa hata atakayeangukia nyingine. Ninaiandika kwa Kiswahili kwa sababu maswali ya ndugu na marafiki walioko Nairobi, Mombasa na Toronto yamezidi yale ninayoweza kuyajibu kwa simu, na kwa sababu kasoro kubwa kuliko zote ni ile ambayo mtu wa kwetu angeitambua mapema kuliko mtu mwingine yeyote.

Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, Mkikuyu kwa baba na mama, niliyeingia katika dini ya Kiyahudi miaka michache kabla ya kuolewa, na sasa tunaishi Queens, New York. Mume wangu ni Mwashkenazi, yaani ni wa ukoo wa Wayahudi wa Ulaya ya Kati na ya Mashariki, ambao kwa karne nyingi lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kiyidi: lugha yenye shina la Kijerumani, iliyochota maneno mengi kutoka Kiebrania na lugha za Kislavi, na inayoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia wasemaji wake walikadiriwa kuwa takriban milioni 11, na wengi wa Wayahudi waliouawa na Wanazi walikuwa ni hao. Ndiyo maana jina la Kiyidi leo, nje ya mitaa ya Wahasidi, Wayahudi washika dini sana ambao bado huzungumza Kiyidi, kama ile ya Williamsburg na Borough Park huko Brooklyn, New York, halichaguliwi kwa utamu wa mlio wake peke yake. Tulilijua hilo, ila ujuzi wetu ulikomea hapo. Mume wangu husoma sala bila kusita lakini hawezi kukueleza jina limetoka wapi, na Kiebrania changu ni cha darasa la jioni.

Huduma yenyewe imegawanywa mara mbili. Kwa dola 54 mteja hupata orodha ya majina 40 yaliyochaguliwa kwa ajili yake, pamoja na mazungumzo ya nusu saa kwa video na mshauri. Kwa dola 36 zaidi huongezewa hati ya jina ya kutundika ukutani na blanketi la mtoto lililotariziwa jina hilo kwa herufi za Kiebrania. Bei hizo hazikupangwa ovyo. Kila herufi ya Kiebrania ina thamani ya tarakimu, na neno lenye maana ya "hai" lina herufi mbili, ya kwanza ni 8 na ya pili ni 10, jumla yake 18, kwa hiyo Wayahudi wengi hupenda kutoa zawadi na sadaka kwa mafungu ya 18. Dola 54 ni 18 mara tatu, 36 ni mara mbili, na jumla ya 90 ni mara tano. Nilifurahi kuona wenye huduma wanajua mila ndogondogo za wateja wao, na furaha hiyo ilinifanya nilipie vyote viwili bila kufikiri sana.

Baada ya kulipa, tulijaza fomu yenye maswali 22. Tuliulizwa tunapendelea jina la kale la Biblia, la kisasa la Israeli, au la Kiyidi. Liwe fupi au refu. Lianze na herufi gani. Liwe rahisi kiasi gani kwa ulimi wa Mmarekani. Na zaidi ya yote, tuliulizwa tunataka libebe maana ipi, nuru, nguvu, amani, furaha au mnyama. Niliyajibu yote kwa makini, jikoni, usiku, miguu yangu ikiwa imevimba na kupandishwa juu ya kiti. Hakuna swali hata moja lililotaka kujua ni nani katika familia zetu mbili aliyefariki, wala ni nani aliye hai. Sikuligundua pengo hilo usiku ule, na ninakiri kwamba ningepaswa kuligundua.

Orodha ilitufikia baada ya siku nne. Nianze na sifa yake, kwa maana ipo na ni ya kweli: kila jina liliambatana na sauti iliyorekodiwa, kwanza kwa matamshi ya Kiebrania cha Israeli, kisha kwa matamshi ya Kiashkenazi. Tofauti hiyo si ndogo. Moshe wa Tel Aviv ni Moyshe wa Brooklyn, Yaakov huwa Yankev na nyumbani akaitwa Yankl, Yitzchak hufupishwa kuwa Itzik, na Shlomo huwa Shloyme. Kwa mtu aliyelelewa na Kiswahili, sauti ile ya kooni inayowashinda Wamarekani, ambayo katika Chaim huandikwa kwa "ch", haina shida yoyote, kwani ni "kh" ile ile ya Khamisi inavyotamkwa na watu wa pwani. Nilimsikilizisha mume wangu rekodi hizo mara kwa mara, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nikawa mimi ninayemrekebisha matamshi.

Msomaji wa Kiswahili atashangaa pia jinsi orodha hiyo ilivyojaa watu anaowajua. Avraham ni Ibrahimu, Yosef ni Yusufu, Moshe ni Musa, Aharon ni Haruni, Iyov ni Ayubu, Yona ni Yunusi, na Shlomo ni Sulemani, ambaye kwa Kiyidi hugeuka kuwa Zalman. Majina haya yaliingia kwetu kwa milango miwili, Kurani na Biblia, na kila mlango uliyapa sura yake, hata wanafunzi wawili wakakaa dawati moja, mmoja akiitwa Isihaka na mwingine Isaka, bila kuhisi kwamba jina lao ni moja.

Jambo ambalo huduma haikuweza kulifanya, na silaumu, ni kuyapima majina hayo kwa sikio la Kiswahili. Kazi hiyo niliifanya mwenyewe. David ni jina zuri, ila orodha ilieleza kwa furaha kwamba huko Israeli akina David huitwa Dudu kwa mapenzi, nami nikamwona mwanangu akishuka uwanja wa ndege wa Nairobi na kutambulishwa kwa binamu zake kama Dudu. Yaakov hufupishwa kuwa Kobi, ambalo kwa shangazi zangu lisingemaliza wiki kabla ya kuwa kobe. Neno lile la "hai" nililolitaja, likiandikwa kwa herufi za Kilatini, ni Chai, na sidhani kama linahitaji maelezo zaidi. Kwa upande wa Kiingereza, mshauri alituonya jambo nililoliona la msaada: Nimrod, mwindaji hodari wa Kitabu cha Mwanzo, ambalo Israeli ni jina la heshima, katika mazungumzo ya Wamarekani limekuwa tusi la kumwita mtu mjinga.

Kasoro zilianza kwenye sehemu ya Kiyidi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye utajiri ambao huduma iliuuza bila kuufahamu. Jina namba 12 lilikuwa Leib, na maelezo yake yalisema lina maana ya "upendo". Sivyo. Aliyeandika maelezo hayo bila shaka alilichanganya na neno la Kijerumani la upendo, ambalo huandikwa kwa kufanana nalo. Leib ni simba. Namba 17 lilikuwa Dov na namba 26 lilikuwa Ber, kila moja likiwa na ukurasa wake kana kwamba ni majina mawili yasiyojuana, ilhali kwa Waashkenazi hayo ni jina moja lenye miguu miwili. Dov ni dubu kwa Kiebrania na Ber ni dubu kwa Kiyidi, na mtu huitwa Dov Ber, kama ambavyo kwetu mtu angeweza kuitwa Asadi Simba bila yeyote kuona ajabu.

Mtindo huo una sababu. Kwa muda mrefu mwanamume wa Kiashkenazi alikuwa na jina takatifu la Kiebrania, ambalo aliitiwa anapopanda kusoma Torati na ambalo huandikwa kwenye hati ya ndoa na kwenye jiwe la kaburi, na pembeni yake alikuwa na jina la nyumbani na sokoni kwa lugha aliyoizungumza kila siku. Majina hayo mawili yalishikana hadi yakawa jozi: Tzvi Hirsh, ayala na ayala (mnyama afananaye na swala), Ze'ev Volf, mbwamwitu na mbwamwitu, Aryeh Leib, simba na simba. Jozi nyingine hazitafsiriani bali hutokana na baraka alizozitoa Yakobo kwa wanawe katika Mwanzo sura ya 49, ambako Yuda anafananishwa na mwanasimba, Benyamini na mbwamwitu na Naftali na ayala. Ndiyo maana kuna Yehuda Leib, Binyamin Volf na Naftali Hirsh. Mzazi anayelipia ushauri angestahili kuelezwa hayo, kwa sababu akimpa mtoto jina la Leib peke yake, rabi atakayeandika hati ya ndoa miaka ijayo atauliza, "Leib nani? Aryeh au Yehuda?"

Lilikosekana pia kundi la majina ambalo mimi, kwa asili yangu, ningelitambua mara moja. Mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufariki, au aliyeugua sana, Waashkenazi walimwita Alter, maana yake mzee, ili malaika wa mauti akija kumtafuta mtoto amkute mzee na kuondoka zake. Au walimwongezea Chaim, uhai. Jirani zangu Waluo wa Nakuru walikuwa na Owiti, aliyetupwa, kwa hila ile ile. Mshauri nilipomuuliza kuhusu Alter alisema hilo ni jina la zamani lisilo na soko.

Mshauri huyo, kwa haki yake, alikuwa mtu mpole na mwenye kuyajua vizuri majina ya kisasa. Alikuwa amekulia Tel Aviv, na nadhani ndiyo sababu Kiyidi kwake kilikuwa kitu cha babu na bibi. Israeli yenyewe ilijengwa na watu wengi walioamua kuvua majina ya Ulaya: David Ben-Gurion, waziri mkuu wake wa kwanza, alizaliwa Płońsk, Poland, mwaka 1886 kwa jina la ukoo la Grün, na Golda Meir, aliyekuja kuwa waziri mkuu baadaye, alikuwa Meyerson hadi mwaka 1956, ingawa hata yeye jina la Golda, dhahabu ya Kiyidi, hakulivua. Mshauri alitueleza kwa ufasaha kuhusu Noam na Ariel, ambayo siku hizi hupewa wavulana na wasichana, na kuhusu Eitan, Lavi na Itai. Alipoambiwa kwamba babu mkuu wa mume wangu aliitwa Harry, alijibu kwamba bila shaka alibadilishiwa jina na afisa wa Ellis Island, kituo cha zamani cha kupokelea wahamiaji bandarini New York. Hadithi hiyo inapendwa sana Marekani, lakini maafisa wa pale hawakuwa wakiwabuni watu upya; walifuata orodha za abiria zilizoandikwa na kampuni za meli. Harry alijiita Harry mwenyewe, alipopata kazi, kwa kuwa lilikuwa na mlio wa kukaribiana na jina lake. Jina lake lenyewe tulikuja kulisoma baadaye, nami nitalifikia.

Katika mazungumzo hayo nilitaja jina nililokuwa nimelitia nyota kwenye akaunti yetu, Gershom. Ni jina alilompa Musa mwanawe wa kwanza huko Midiani, kwa kuwa alikuwa mgeni katika nchi isiyo yake, na kwa mwanamke wa Nakuru anayejifungulia Queens sikuona jina lingenifaa zaidi. Pia lina mwenyewe karibu na kwetu: Rabi Gershom Sizomu, kiongozi wa Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi wa Mbale, Uganda, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu, kiongozi wa kijeshi wa Kiganda, mwaka 1919. Rabi Sizomu alipata urabi Marekani mwaka 2008 na akachaguliwa kuwa mbunge mwaka 2016. Mshauri hakuwa na habari za Abayudaya, akashukuru, akaliandika. Tukatia nyota ya pili kwenye Menachem, mfariji, kisha muda ukaisha.

Jumapili iliyofuata tuliwaalika wazazi wa mume wangu chakula cha mchana. Kwa Wakikuyu jambo hili halina mjadala: mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba wa baba yake, wa pili jina la baba wa mama yake, awe hai au awe amefariki, na kuliruka jina la babu ni kumtukana. Mama yangu alikwisha kuniuliza mara tatu kwa simu iwapo mkwe wetu ameshaambiwa. Basi nikiwa ninapakua wali, kwa adabu zote nilizolelewa nazo, nikamwambia baba mkwe kwamba miongoni mwa majina tunayoyafikiria limo lake. Aliweka uma chini. Mama mkwe akasema maneno ya Kiyidi ya kukinga kijicho, haraka haraka, kama mtu anayepuliza moto. Kisha baba mkwe akaniuliza taratibu, "Binti yangu, mbona mnanizika mapema?"

Waashkenazi hawamwiti mtoto kwa jina la ndugu aliye hai. Si sheria ya Torati, ni desturi, lakini imeshika kuliko sheria nyingi: jina hurithiwa kwa marehemu ili kumbukumbu yake isimame, na kumpa mtoto jina la aliye hai ni kama kumpokonya maisha, au kumfanya malaika wa mauti amkosee. Wayahudi wa Kisefaradi, ambao mababu zao walitoka Hispania na Ureno wakatawanyika Afrika ya Kaskazini, Ugiriki na Uturuki, hufanya kinyume kabisa. Kwao kumpa mtoto jina la babu aliye hai ni heshima kuu, na wengi wao hufuata utaratibu uleule wa Kikuyu, wa kwanza kwa baba wa baba na wa pili kwa baba wa mama. Huduma ilijua kwamba mume wangu ni Mwashkenazi, kwa sababu swali la sita la fomu liliuliza asili ya familia. Ililitumia jibu hilo kuchagua lafudhi ya rekodi za sauti, si kitu kingine.

Siku tatu baadaye, kana kwamba aibu ile haikutosha, blanketi likawasili. Mtoto alikuwa bado hajazaliwa. Familia nyingi za Kiashkenazi haziingizi nyumbani hata soksi za mtoto kabla hajafika duniani, wala hazilitamki jina lake hadi siku ya tohara, na hapo palikuwa na kifurushi chenye utepe wa buluu, kikiwa na jina limeshonwa kwa uzi wa dhahabu. Walikuwa wamechukua jina la mwisho tulilolitia nyota, Menachem, wakalitarizi bila kutuuliza. Nililitandaza mezani nikalitazama. Kiebrania huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na herufi ya mem ina sura mbili: ile iliyo wazi, ya mwanzo na katikati ya neno, na ile iliyofungwa kama sanduku, ambayo haikai popote isipokuwa mwishoni. Menachem huanza na iliyo wazi na kuishia na iliyofungwa. Kwenye blanketi letu sanduku lilikuwa mwanzo, upande wa kulia, kwa sababu mashine ilikuwa imezipanga herufi kutoka kushoto, kama za Kiingereza. Ni kosa linalojulikana sana katika uchapaji wa Kiebrania, na mtoto wa darasa la kwanza la sinagogi angelikamata kwa sekunde moja. Nilipoandika kulalamika nilijibiwa baada ya siku mbili kwamba sampuli iliidhinishwa na mteja, nami sikuwahi kuiona sampuli yoyote.

Tulimwendea rabi wa sinagogi letu, ambaye hatozi kitu kwa jambo hili, na ambaye nakiri tungemwendea mwanzo kama fomu ile isingekuwa imepambwa vizuri hivyo. Alitukaribisha ofisini mwake, akafunga mlango, na swali lake la kwanza likawa, "Mnamkumbuka nani?"

Mume wangu akamtaja babu mkuu, yule Harry. Rabi akatutuma makaburini, na kule Queens, kwenye safu iliyobanana ya mawe ya kijivu, tukasoma chini ya jina la Kiingereza kwamba aliyelala pale ni Tzvi Hirsh, na jina la baba yake likafuata. Kisha rabi akanigeukia mimi. Nilimwambia kwamba baba yangu amefariki, lakini alikuwa Mpresbiteri wa Nakuru na hakuwa na jina la Kiebrania. Akauliza aliitwaje. Nikasema, Zakaria.

Rabi alicheka hadi akavua miwani. Zakaria ni Zecharya, nabii, jina la Kiebrania tupu, lenye maana kwamba Mungu amekumbuka. Lilipita katika Kigiriki na Kiswahili, likabatiziwa mtu kanisani Nakuru na kuandikwa kwenye kitambulisho chake, nami nikalipa dola 54 kulitafuta. Usiku ule nilifungua tena ile orodha. Lilikuwamo, namba 31, likiwa limepewa nyota moja kati ya tano kwa kipengele cha "mvuto wa kisasa". Nilikuwa nimelipita mara kadhaa, kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwa tahajia ya Kiingereza na kuelezwa kwa maana tu.

Mtoto alizaliwa mwezi wa Desemba, siku ya Jumanne, saa kumi na mbili jioni. Jua la New York wakati huo wa mwaka huzama saa kumi na nusu, na kwa Wayahudi, kama kwa Waswahili wa kale, siku mpya huanza linapozama jua. Bibi yeyote wa Lamu angesema mtoto kazaliwa usiku wa Jumatano. Kwa hiyo tohara, ambayo hufanywa siku ya nane kwa kuihesabu na siku ya kuzaliwa, ilifanyika Jumatano iliyofuata, na hapo ndipo jina lilipotamkwa mbele ya watu: Zecharya Tzvi Hirsh, pamoja na jina la baba yake na langu, kwa kuwa sinagogi letu humtaja na mama. Hati iliyotoka kwenye huduma, tuliyoijazia saa na tarehe kamili kama tulivyoombwa, ilikuja na tarehe ya Kiebrania ya Jumanne. Walihesabu kwa usiku wa manane. Kwa hati ya kutundika ukutani huenda wengine wakaona ni jambo dogo, lakini kwa tarehe ya Kiebrania ndiyo mtoto huhesabiwa kutimiza miaka 13 na kuingia utu uzima wa dini, na familia nyingi huichukua kutoka kwenye hati kama hiyo bila kuihakiki.

Tuliomba turudishiwe dola 36 za hati na blanketi, tukarudishiwa 18. Dola 54 sikuzidai, kwa sababu rekodi za sauti pekee zinakaribia thamani hiyo: mama mkwe amezitumia kuwafundisha jamaa zake kulitamka Zecharya, na mimi nimezituma Nakuru ili Hirsh isigeuzwe kuwa hirizi. Kwa wazazi walioko mbali na sinagogi, wasio na marehemu wa kumkumbuka au wanaotaka tu jina zuri la kisasa, sehemu hiyo ya huduma inafaa, mradi wasome sehemu ya Kiyidi kwa tahadhari na wamwonyeshe mtu anayejua kusoma Kiebrania kabla ya kuruhusu jina lolote litariziwe. Sehemu ya hati na blanketi simshauri mtu. Anayetaka jina la marehemu mwanamke limwangukie mvulana, jambo linalowezekana kabisa, kwa mfano Chaya akawa Chaim, au Freyde wa Kiyidi akawa Simcha, kwa kuwa yote mawili ni furaha, hatasaidiwa na fomu ile kwa namna yoyote, maana haina pa kuliandikia jina la huyo bibi.

Kwa mama yangu suala halikuisha mara moja. Alisema kwamba kwetu zamu hairukwi, na kwamba jina la baba yangu lilikuwa la mtoto wa pili. Nikamweleza habari za malaika wa mauti, akanyamaza, akasema kwamba kama ni hivyo basi mzee wa watu aachwe aishi. Sasa hupiga simu kila Jumapili jioni. Hanisalimu mimi kwanza, wala hamwiti mtoto Zecharya, Tzvi au Hirsh, huomba simu isogezwe kwenye kitanda chake, na kama afanyavyo bibi yeyote wa Kikuyu kwa mjukuu aliyerithi jina la mumewe, humuuliza, "Mume wangu, umekula?"